Naombeni ushauri, mtihani wa uwakili California: nifanyie nyumbani au nijitoe?

Binti_Mashaka (mleta uzi):
Habari zenu wakuu. Mimi ni wakili, niliapishwa Dar, sasa niko California na mume wangu mwaka wa tatu huu. Mtihani wa uwakili wa huku ni tarehe 25 na 26 Februari hii ya 2025, zimebaki siku tano. Safari hii wameruhusu mtu akae nyumbani kwake na kompyuta huku anaangaliwa kwa kamera, ama aende kituoni. Mimi nilichagua nyumbani na sasa roho haitulii kabisa. Kwenye mtihani wa majaribio mwezi uliopita kamera ilikataa uso wangu mara nne mpaka nikachukua taa ya kitandani nikaielekeza usoni ndo ikanikubali, halafu katikati ya insha kompyuta ikaganda, nilichoandika robo saa nzima kikayeyuka. Wametangaza ukijitoa unarudishiwa ada. Mume anasema fanya tu. Nifanye au nijitoe?

Mnyalukolo77:
Sisi tuliosikia matokeo ya Shule ya Sheria ya Tanzania 2022, pale wanaponoa mawakili, hatushangai kitu tena. Watu 633, waliofaulu moja kwa moja 26! Mpaka waziri akaunda kamati chini ya Mwakyembe. Mdogo wangu alikuwa kwenye lile kundi la 342 la kurudia masomo, mama alikaa wiki mbili hasemi na mtu, anashinda jikoni anachagua mchele ambao umeshachaguliwa. Kama wewe pale ulitoboa, kamera ya Mmarekani ni kitu gani? Fanya mtihani dada.

Kijana_wa_Tandale:
Mtihani nyumbani, kitanda kiko pale, jiko liko pale, na bado mtu analalamika 😂 mwaya sisi tulifanya mtihani mvua inavuja juu ya karatasi

Wambui_Leeds:
Usicheke kitu hujaona. 2020 nilikuwa Uingereza, Agosti, korona imeshika, nikafanya mtihani wa uwakili wa huku nikiwa chumbani kwangu. Nyumba tulikuwa watu watano na choo kimoja. Sheria ilikuwa ukitoka mbele ya kamera mtihani wako umeisha. Nilienda dukani nikanunua ndoo ya kupigia deki, nikavaa dera refu, ndoo chini ya meza. Niliitumia, na kamera inaniangalia usoni, na huku nasoma swali. Aki siku hiyo nililia baadaye kama mtu aliyefiwa. Na si mimi peke yangu, magazeti ya huku yaliandika watu waliokojoa kwenye chupa. Kwa hivyo dadangu uliza kitu kimoja tu, ukibanwa itakuaje?

Binti_Mashaka:
Pole sana dada Wambui. Huku wanatoa mapumziko kati ya kipindi na kipindi. Siku ya kwanza ni insha tano, saa moja moja, na ile kazi ndefu ya dakika 90, siku ya pili maswali 200 ya kuchagua jibu. Ila kipindi kikianza hutoki.

Wakili_Mstaafu:
Binti, nimesoma bandiko lako mara mbili, kuna kitu hujasema. Ada inarudi, mtihani wa Julai upo, vituo vipo. Taa umeshaipata. Sasa unaogopa nini hasa? Na kwa nini usiende kituoni?

Binti_Mashaka:
Kituo kiko mbali shikamoo mzee.

Wakili_Mstaafu:
Marahaba. Umbali si jibu, mtu alitoka Dar akafika California.

Binti_Mashaka:
Haya nasema. Nina kisukari aina ya kwanza tangu nina miaka 19, natumia insulini. Mkononi nina kile kidude kinachosoma sukari na kupeleka namba kwenye simu, ikishuka chini ya 70 (kwa vipimo vya Tanzania ni 3.9) simu inapiga kelele. Na simu hairuhusiwi chumbani. Ningeweza kuomba utaratibu maalumu na fomu ya daktari ila dirisha lilishafungwa, sikuomba kwa sababu sikutaka ionekane kwenye faili langu kwamba mimi ni mgonjwa, huku kabla hawajakuapisha wanachunguza mwenendo wako wote. Hata mama mkwe hajui. Kituoni wanakagua mpaka mifuko, nyumbani angalau juisi iko karibu.

Na msinishambulie, nimeshajipanga. Simu nitaizima sauti niiweke chini ya godoro, hata leo nimeshaijaribisha hapo. Asubuhi napunguza dozi, nakula chapati mbili na chai yenye sukari, namba inakaa juu mpaka jioni, haiwezi kushuka. Niliwahi kufanya hivyo kwenye usaili wa kazi na hakuna kilichotokea.

Mtumishi_wa_Bwana:
Dada unataka kuwa mtetezi wa haki na unaanza kwa kuficha simu chini ya godoro? Unaogopa faili lionyeshe sukari, hilo faili likionyesha simu utasema nini? Mwenye haki huenda katika unyofu wake. Tubu kabla ya tarehe 25.

Neema_Oakland:
Kwa hilo la simu nakubaliana na mtumishi. Oktoba 2020 mtihani huu huu ulifanyika mtandaoni, watahiniwa zaidi ya 3,000, kama theluthi nzima, waliwekewa alama ya kushukiwa kwa vitu kama macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Wengi sana walisafishwa baadaye, lakini fikiria hizo wiki za kujieleza. Wewe na simu ya kweli godoroni utajieleza vipi?

Lakini nikutie moyo pia, mwezi huo huo kuna dada wa Chicago chupa ilimpasukia katikati ya mtihani wa nyumbani, hakutoka mbele ya kamera mpaka kipindi kikaisha, akaenda kujifungua, akaja kumalizia sehemu iliyobaki akiwa hospitali.

Sista_Tumaini:
Neema usimpe mfano huo. Mimi ni muuguzi, kliniki ya sukari mwaka wa kumi na moja. Yule aliondoka na mtoto, huyu anaweza kuondoka hajitambui.

Binti nisikilize mdogo wangu. Sukari ikipanda mwili unaitoa kwa mkojo. Yaani hizo chapati na dozi pungufu ndizo zitakazokupeleka chooni kila nusu saa, na kipindi chako ni dakika 90. Kinywa kinakauka, unakunywa maji, unakojoa tena. Macho yanaingiwa ukungu, na wewe una maswali 200 ya kusoma. Umesahau ndoo ya Wambui? Na aina ya kwanza ukipunguza insulini siku mbili mfululizo damu inaweza kujaa asidi, ukatapika, ukalazwa. Usaili ulikuwa wa saa ngapi?

Binti_Mashaka:
Dakika arobaini.

MchunguziHuru:
Wakuu mnakunywa chai hapa na hamjui. Wakili wa Tanzania anafanyaje mtihani wa California bila kusoma tena huko? Majimbo yote lazima uwe na shahada ya uzamili ya kwao. Halafu kwanza taa, kisha ghafla sukari, kisha godoro, kila mtu akiuliza stori inaongezeka nyama. Weka picha ya hicho kidude au uzi ufungwe.

Kijana_wa_Tandale:
Chai ya tangawizi kabisa 😂 na mimi nilishaanza kumuonea huruma

Wakili_Mstaafu:
Mchunguzi, hapo umeteleza. California inampokea mtu aliyekwisha kuapishwa kuwa wakili nchi nyingine na leseni yake iko hai, anafanya mtihani bila kurudi darasani. New York ndiko wanakobana zaidi. Ukitaka kumwita mtu mwongo anza na sheria.

Mwanafunzi_OUT:
Samahani mzee, na mimi mwenye LLB, shahada ya kwanza ya sheria, ya Chuo Huria naweza kujisajili?

Wakili_Mstaafu:
Shahada peke yake kwa njia hiyo hapana, uwe umeapishwa. Fungua uzi wako nitakuja.

Binti_Mashaka:
Sitaweka picha ya mwili wangu hapa kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Miaka kumi na miwili nimeficha huu ugonjwa, leo nimesema mara ya kwanza kwa watu halafu naambiwa chai. Basi.

MchunguziHuru:
Kuhusu sheria nakubali nilikosea. Nyingine nabaki na shaka yangu.

Wakili_Mstaafu:
Binti usiondoke. Wewe ni wakili, jisimamie kama ungemsimamia mteja. Marekani wana sheria ya walemavu ya 1990, wakaipanua 2008, na kisukari kimo ndani. Uchunguzi wa mwenendo unatafuta wizi, uongo, madeni uliyoyakimbia. Insulini si mwenendo. Andika barua pepe leo, eleza kifaa na juisi, ambatisha barua ya daktari, na hata wakikataa kwa sababu ya dirisha utakuwa na maandishi mkononi ya kuombea Julai mapema. Wasipokujibu mpaka Jumatatu, jitoe.

Binti_Mashaka:
Nimesoma tangu Septemba mzee. Kadi zangu zimejaa ukuta mzima wa chumba, nimeshaanza kuzibandua maana ukuta lazima uwe mtupu. Kujitoa nikiwa najua majibu inauma.

Sista_Tumaini:
Najua inauma. Zirudishe kwenye boksi kwa mpangilio, Julai utazitoa. Hivi saa hizi umekula?

Binti_Mashaka:
Bado. Nimeketi hapa tangu asubuhi nasoma majibu yenu. Barua pepe nimeshaiandika, nimemtumia daktari kwanza, kasema saa nane ananipa yake. Mume nimemwonyesha uzi, kanyamaza, kaenda kutoa simu chini ya godoro mwenyewe.

Sista_Tumaini:
Namba ngapi sasa?

Binti_Mashaka:
74, mshale unaelekea chini. Ngoja nikachukue juisi.

Sista_Tumaini:
Kunywa, subiri dakika kumi na tano, upime tena. Niko hapa.

Binti_Mashaka:
112. Mshale umelala.