Safu nzima ya majibu imejaa namba 16: watengenezaji wa violezo vya majaribio, hili halikubaliki

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninaomba wote wanaotengeneza violezo (programu zilizo tayari) vya majaribio ya kupima muda wa mwitikio, yaani kasi ya mtu kujibu, wausome hadi mwisho. Jaribio letu lilikuwa la kawaida kabisa katika isimu-saikolojia, yaani uchunguzi wa jinsi akili inavyoshughulikia lugha: mshiriki anaonyeshwa mfululizo wa herufi kwenye skrini, kwa mfano "ndizi" au "ndizu", naye anaamua upesi iwezekanavyo kama hilo ni neno la Kiswahili au la. Shift ya kulia ni ndiyo, Shift ya kushoto ni hapana. Kiolezo tulipewa na maabara tunayoshirikiana nayo, tukahakikishiwa kwamba kimekwisha kujaribiwa. Tulipofungua faili la matokeo, safu ya majibu ilikuwa 16, 16, 16, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Aliyewahi kuandika programu za kivinjari anajua kilichotokea. Ile namba ya zamani ya kitufe, keyCode, hutoa 16 kwa Shift zote mbili bila kutofautisha kushoto na kulia. Upande haukupotea kwa bahati mbaya, maana tukio lile lile la kubonyeza huja na sifa ya "location", ambayo ni 1 kwa kushoto na 2 kwa kulia, na pia sifa ya "code" inayotaja waziwazi ShiftLeft au ShiftRight. Ilitakiwa safu moja zaidi tu katika faili. Sasa tunajua mshiriki alibonyeza baada ya milisekunde 612, lakini hatujui alisema nini, na kwa kuwa hatuwezi kutenga majibu sahihi na yaliyokosewa, hata hizo milisekunde hazina kazi.

Nilipolalamika niliambiwa nitumie "jedwali la namba za vitufe". Jedwali lipi? Shift ya kushoto ni 42 katika namba za asili za kibodi za PC, ni 160 kwa Windows, ni 50 katika X11, mfumo wa madirisha wa Linux, ni 56 kwenye Mac, na ni 225 katika orodha ya vifaa vya USB. Namba zote hizo ni sahihi, kila moja katika mfumo wake. Faili lisilotaja mfumo wala kifaa kilichotumika limemwachia msomaji kazi ya kubahatisha.

Kisha likaja toleo lililorekebishwa, linalotumia Z na M, huku maelekezo yakimtaka mshiriki aweke vidole kwenye safu ya chini ya herufi. Wenzetu wa Bujumbura wana kibodi za AZERTY, yaani zenye mpangilio wa herufi wa Kifaransa. Humo Z iko safu ya juu, mahali ambapo kibodi zetu zina W, na M iko pembeni ya L. Anayefuata maelekezo anabonyeza W na alama ya mkato, na programu inamwandika kuwa hakujibu. Anayetafuta herufi kwa macho ananyoosha mkono tofauti na washiriki wengine wote. Kwa nini kitufe kisitambuliwe kwa mahali kilipo?

Na hiyo Shift, ni nani aliyeona inafaa? Kwenye Windows, ukiibonyeza mara 5 mfululizo, kisanduku cha kuuliza kama unataka kuwasha Sticky Keys (msaada kwa wasioweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja) kinajitokeza katikati ya jaribio, na saa inaendelea kuhesabu. Kitufe kikishikiliwa kidogo nacho hujirudia chenyewe, ndiyo maana tuna "majibu" ya milisekunde 30, muda ambao hakuna binadamu anayeweza kusoma neno na kuliamua.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba maabara hiyo hiyo hutuandikia barua ndefu kuhusu kibodi za USB ambazo kompyuta huzisoma kila baada ya milisekunde 8. Ni kweli muda unaoandikwa hukosea kwa milisekunde chache, lakini kosa hilo la nasibu hupungua makali majibu yakiwa mengi. Jibu ambalo halikuandikwa halirudi. Wanafunzi waliokuja kushiriki hatuwezi kuwaita tena wafanye jaribio lile lile, kwa sababu maneno wamekwisha kuyaona na kasi yao itakuwa imebadilika.

Ninataka kiolezo hicho kiondolewe leo, na kisirudishwe mpaka kila mstari wa matokeo utaje kifaa, jina la kitufe, mahali kilipo na kama kilijirudia, pamoja na mpangilio wa kibodi ya mshiriki. Ninyi mliokwisha kukitumia, fungueni safu ya majibu kabla ya kuchora grafu yoyote, na mkikuta 16 tupu, andikeni hapa ili tuipelekee maabara hiyo malalamiko haya kwa pamoja.