MJADALA: Ngano yenye jeni moja tu ya kinga isisajiliwe tena

Mleta mada (mkulima, Mau Narok)

Wakulima wenzangu, na ndugu watafiti mlio humu, naomba hili tuliseme wazi. Msimamo wangu ni kwamba aina ya ngano inayotegemea jeni (chembe ya urithi) moja tu kujikinga na kutu ya shina, ugonjwa unaoletwa na kuvu, isipewe usajili, hata kama inajaza magunia kuliko zote. Anayepinga aje na hoja, nitamsikiliza.

Nianzie shambani. Asubuhi moja mwaka 2014 nilikata katikati ya ngano yangu ya Robin. Ilikuwa imeshatoa masuke, imesimama vizuri, ukiitazama kutoka barabarani unasema mwaka huu deni limelipika. Nilipotokea upande wa pili suruali ilikuwa nyekundu kuanzia magotini kushuka, kama nimetoka kufyatua matofali. Nikashika bua moja nikalipitisha kidole. Ngozi yake ilikuwa imechanika kwa mistari, na kila mpasuko umejaa unga wa rangi ya tofali. Haikupita muda mrefu ngano ikalala. Siku ya kuvuna punje zilikuwa nyembamba, zimekunjamana, nyingine kombaini inazipeperusha nje pamoja na makapi. Na kombaini inalipwa kwa ekari, upate usipate.

Sasa tujiulize Robin ilitoka wapi. Ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011, na ilikuja kama jibu. Swali lenyewe lilianzia Uganda. Mwaka 1998 katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini magharibi mwa nchi hiyo, ngano iliyokuwa na jeni inayoitwa Sr31 ilikutwa na kutu. Jeni hiyo ilitolewa kwa rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, ikasambazwa karibu kila bara kwa sababu ilikuja pamoja na mavuno mazuri. Kuvu iliyoipita ikabatizwa Ug99. Ikaingia Kenya na Ethiopia, ikavuka bahari hadi Yemen mwaka 2006, na mwaka 2007 ikakutwa Iran. Norman Borlaug, mtafiti wa ngano na mzee wa mapinduzi ya kijani, alishapaza sauti tangu mwaka 2005 kwamba dunia imelala.

Watafiti wakakimbilia jeni nyingine. Sr24 ikavunjwa hapa hapa Kenya mwaka 2006. Sr36 ikafuata mwaka 2007. Robin ilikuwa inasimama juu ya jeni iitwayo SrTmp, na mwaka 2014 yakaonekana matawi ya Ug99 yanayoipita hiyo nayo. Mwaka mmoja kabla, kule Bale nchini Ethiopia, aina yao pendwa ya Digalu ilikuwa imeteketea kwa ukoo mwingine kabisa wa kutu, usio wa Ug99. Digalu nayo ilikuwa imeegemea SrTmp hiyo hiyo. Nchi mbili, koo mbili za kuvu, jeni moja.

Kila mara tunaambiwa mbegu mpya imepatikana, na kila mara ni mlango ule ule wenye komeo moja. Ndiyo maana nasema komeo moja lisikubalike tena.

Mkulima wa Uasin Gishu

Mzee, shikamoo, na pole kwa hasara hiyo. Lakini hapa sikubaliani nawe. Mwaka 2011 kama Robin ingekataliwa, tungepanda nini? Zile za zamani zilikuwa zinaliwa na Ug99 mchana kweupe. Robin ilinipa misimu ya maana, nikasomesha. Ilipoanza kushikwa nikapulizia dawa mara mbili, nikavuna. Mkulima wa kukodi shamba hawezi kusubiri miaka watafiti wakipanga jeni. Anataka mbegu ya mwezi huu.

Halafu ukiwaambia watu wachukue aina yenye kinga imara lakini inayopungua magunia mawili kwa ekari, nakuhakikishia itabaki ghalani.

Mama wa ekari mbili, Njoro

Kaka wa Uasin Gishu, wewe una trekta la kupulizia. Mimi nina bomba la mgongoni na kijana mmoja wa kibarua. Dawa ya kuua kuvu, tebukonazoli, ninanunua kwa kupima, na mvua ikinyesha jioni imeoshwa. Kutu ikishafika kwenye bua mimi nimeshachelewa. Kwangu mbegu ndiyo dawa. Namuunga mkono mleta mada.

Mtafiti wa mbegu (mimi si msemaji wa taasisi yoyote)

Nimewasoma wote. Mzee ameshika jambo la kweli, ila kuna sehemu hajaitaja, na naona ndiyo yenye uzito zaidi.

Kinga za ngano ziko za namna mbili. Ipo ile kubwa, ya jeni moja, inayozuia kutu kabisa tangu mche. Ukiangalia shamba unakuta safi, na mkulima anaipenda kwa hilo. Lakini shamba moja lililougua hutoa spora (mbegu za kuvu) mabilioni, na ikitokea moja tu imebadilika ikapita jeni hiyo, inabaki peke yake kwenye chakula tele. Ya pili ni kinga ya polepole. Hii haizuii kutu, inaichelewesha. Madonda yanakuja machache na madogo, ngano inawahi kukomaa. Jeni ya Sr2 ni ya namna hii. Ilihamishwa kutoka aina ya kale ya ngano kule Marekani katika miaka ya 1920, na mpaka leo hakuna kuvu iliyoivunja. Karibu miaka 100! Peke yake ni dhaifu, kutu ikiwa nyingi inalemewa. Ikikaa pamoja na nyingine tatu au nne za polepole, shamba linasimama hata Njoro, ambako kutu haikosi msimu.

Tatizo ni macho ya watu. Sr2 mara nyingi huja na weusi kwenye maganda ya suke na kwenye bua, chini ya vifundo. Nimesimama na wakulima kwenye siku ya shamba, wakalitazama suke lenye weusi ule, wakasema hii inaumwa, wakahamia kwenye kipande cha jirani kilichong'aa. Kile kilichong'aa kilikuwa cha jeni moja.

Na sasa hoja yenyewe. Tuseme tumetengeneza aina yenye jeni tatu kubwa kwa pamoja. Kuvu ingehitaji kubadilika mara tatu ndani ya spora moja, jambo gumu sana. Lakini jirani akipanda aina yenye mojawapo ya jeni hizo ikiwa peke yake, kuvu inajifunza kwake bila shida. Mwingine akipanda yenye ile ya pili peke yake, inajifunza na hiyo. Ikifika kwenye aina ya jeni tatu imebakiza hatua moja. Kwa hiyo, kaka wa Uasin Gishu, aina ya jeni moja si hasara ya anayeipanda tu. Inamharibia kila atakayekuja na mkusanyiko wenye jeni hiyo baadaye. Na Kenya ngano haiishi shambani: huku inavunwa, kule bado changa, na upepo unabeba spora kutoka huku kwenda kule mwaka mzima.

Mdau wa Makete, Tanzania

Wakuu, nawasalimu kutoka nyanda za juu kusini. Huku tunalima ngano kidogo kidogo kwenye vipande vya mlimani, lakini mjadala huu unatugusa kuliko mnavyofikiri. Mlipuko wa ngano, ule ugonjwa wa kuvu ulioanzia Brazil mwaka 1985 na kuingia Bangladesh mwaka 2016, ulikutwa Zambia mwaka 2018, wilaya ya Mpika. Mpika ni kituo cha reli ya TAZARA! Kutoka pale hadi Tunduma ni njia moja, na malori yanapita usiku na mchana.

Na kinga inayotegemewa dhidi yake ni kipande kimoja cha kromosomu (uzi unaobeba jeni), wanakiita 2NS, kilichotoka kwenye nyasi pori iliyo jamaa ya ngano. Kimoja! Amerika Kusini kuna vimelea vimeshaanza kukizoea. Naona tunaenda kurudia hadithi ya SrTmp, safari hii kwa ugonjwa unaoshika suke lenyewe na kulifanya jeupe kabla halijajaa.

Kijana wa maabara

Mbona hakuna anayetaja jibu lililopo? Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza ngano yenye jeni tano zilizounganishwa sehemu moja, Sr22, Sr35, Sr45, Sr50 na Sr55, zinarithiwa kwa pamoja kama jeni moja. Haziwezi kuachana shambani. Zote zimetoka kwenye ngano au kwa ndugu zake. Kwa njia ya kawaida ya kupandishana ingechukua miaka mingi mno, na zingetawanyika tena kila unapochanganya. Tatizo ni jina tu, watu wakisikia GMO, yaani mimea iliyobadilishwa jeni maabara, wanakimbia. Kenya Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku ya GMO Oktoba 2022, kesi zikafuata. Tanzania majaribio ya mahindi ya GMO pale Makutupora, Dodoma, yalisimamishwa mwaka 2018. Tutakaa tukiogopa hadi lini?

Mama wa ekari mbili, Njoro

Mwanangu, mimi siogopi jina. Naogopa kuambiwa mbegu hii usiirudie msimu ujao, ununue tena. Mwenye jeni hizo tano ni nani? Nikijibiwa hilo, nitaipanda hata kesho.

Mleta mada

Nimejifunza, asanteni. Ndugu mtafiti, hilo la jirani kumfunza kuvu sikuwa nimelifikiria hivyo, nami ndiye niliyekuwa jirani mwenyewe, ekari zote ni Robin.

Mkulima wa Uasin Gishu, nakupa haki yako kwenye la 2011. Mwaka wa dharura ni mwaka wa dharura, na mtu hawezi kupanda karatasi. Kwa hiyo narekebisha: aina ya jeni moja ikisajiliwa kwa dharura, isajiliwe kwa muda, tarehe ya kuondolewa ikiandikwa kwenye mfuko wa mbegu palepale chini ya jina. Na kila mfuko, wa aina yoyote, useme una kinga ya namna gani: jeni moja, jeni kadhaa, au ya polepole. Leo mfuko unaniambia siku za kukomaa na kilo za kupanda kwa ekari. La kinga umeandika tu "inastahimili kutu". Inastahimili kwa kinga gani, na kwa muda gani? Nina haki ya kujua kabla sijaweka shamba rehani.

Kijana wa maabara, jibu kwanza swali la mama. Ukilijibu vizuri mimi na wewe hatuna ugomvi.

Msimu huu nimetenga ekari tatu za kinga ya polepole. Jana nimekuta ule weusi kwenye masuke, na mwanangu aliniuliza kama tupulizie. Tumehesabu mabua 50 kwenye mstari: madonda yapo, madogo, hayajaungana. Sijapulizia. Wiki ijayo nitahesabu mabua yale yale, nimeyafunga uzi, nilete matokeo hapa. Wenye kipande cha aina hiyo, hasa Timau na Makete, hesabuni nanyi tulinganishe.