Nina tatuu mkononi na ninakwenda kujitambulisha ukweni Mpwapwa: niifunike au niseme mapema?

Mgeni wa Nkuhungu

Nawasalimu wote, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni kijana mzaliwa wa Temeke, niliyehamia Dodoma baada ya ofisi yetu kuzifuata huku wizara ambazo ndizo wateja wake wakubwa. Upande wa ndani wa kigasha changu cha kushoto nimechorwa jina la marehemu mama yangu na mwaka aliofariki, kwa wino mweusi mtupu, bila picha wala mapambo yoyote. Nilichorwa Dar es Salaam, mwaka uliofuata msiba.

Nilipokuwa Dar hakuna aliyejishughulisha na mkono wangu. Hapa mambo ni tofauti kidogo. Mama mwenye nyumba aliiona siku nilipokunja mikono ya shati ili nifue, akaniuliza kwa upole kabisa kama nimewahi kufungwa. Kanisani, mwalimu wa kwaya aliniomba niwe navaa mikono mirefu kila tunapoimba, hata Oktoba ile ya jua kali ambapo wenzangu wote huvaa fulana. Sijatukanwa na mtu. Ninachokiona ni kwamba mtu akishaiona huanza kunichunguza upya, kana kwamba miezi yote tuliyozoeana imefutika.

Sasa nina jambo zito zaidi. Mchumba wangu ni Mgogo wa Mpwapwa, na baba yake ni mzee wa kanisa la Anglikana. Mshenga amepeleka barua ya posa, imepokelewa vizuri, nasi tumeitwa kwenda kujitambulisha. Mchumba anaijua tatuu hii na hana neno nayo, lakini anasema baba yake akiiona bila kutayarishwa atanyamaza, na anakihofia kimya hicho kuliko maneno. Wajomba zangu wanasema nivae koti na yaishe. Naomba mnieleze, hasa ninyi wenyeji wa kanda hii: je, familia ya namna hiyo huiona tatuu kuwa uhuni, kuwa dhambi, au ni jambo la kutopendeza tu machoni? Na je, nifiche au niseme?

Mzee wa Kibakwe

Marahaba, mwanangu. Mbukwa, kama tunavyosalimiana Wagogo.

Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza juu ya watu wangu. Usidhani kwamba Mgogo ni mgeni wa alama za mwilini. Marehemu mama yangu alikuwa na kovu la duara juu ya pua, katikati ya paji la uso, dogo, lililong'aa kuliko ngozi iliyolizunguka, nami nilipokuwa mtoto nilizoea kulishika kwa kidole akinibeba. Masikio yake yalikuwa yametogwa ndewe pana, na watu wengi wa rika lake walikuwa hivyo. Nenda Hanang uwaone wanawake wa Kidatoga wa umri mkubwa, utakuta makovu yaliyopangwa kuyazunguka macho. Hapo Kongwa, ambako wapigania uhuru wa FRELIMO waliweka kambi kuanzia mwaka 1964, wakubwa zetu waliwaona Wamakonde waliochanjwa chale uso mzima, wala sikumbuki mtu akiwaita wahuni.

Kwa hiyo swali la kweli ni hili: kwa nini mzee aliyelelewa na mama mwenye alama usoni akunje uso kwa jina lililoandikwa mkononi mwa kijana? Wengi watakwambia ni dini, na dini imo. Mimi naona kuna jambo lililotangulia dini. Alama zile mtu hakujichagulia. Aliwekewa na wazazi, kwa wakati unaojulikana, na kila aliyemwona alijua ni mtoto wa nani na ametoka wapi. Tatuu ni kinyume chake, kwa maana mtu huamua peke yake, humlipa asiyemjua, na wazazi hupata habari jambo likiwa limekwisha. Mzee akiiona, kinachomwuma si wino. Anajiuliza, "Huyu aliufanyia mwili wake uamuzi wa kudumu bila kumwuliza mkubwa yeyote, je, binti yangu naye ataamuliwa mambo kwa namna hiyohiyo?" Hilo ndilo utakalopaswa kulijibu, na koti halitakujibia.

Upande wa dini, jiandae. Mzee wa kanisa ataifahamu Walawi 19:28, inayokataza kuchanja chale kwa ajili ya wafu na kuandika alama mwilini, na kwa bahati mbaya wewe umeandika jina la marehemu. Najua vijana hujibu kwamba sura hiyohiyo inakataza kuvaa nguo ya nyuzi za namna mbili na kunyoa pembe za ndevu, mambo ambayo wachungaji wenyewe huyafanya. Hoja hiyo ina nguvu, lakini usithubutu kuitoa sebuleni kwa baba mkwe siku ya kwanza. Ukishinda mjadala huo utakuwa umepoteza mke.

Ushauri wangu ni kwamba jambo hili lipite kwa mshenga. Amtembelee mzee kabla ya siku yenyewe, amweleze kwamba kijana ana jina la mama yake mkononi, lilichorwa wakati wa majonzi, na kwamba hakutaka wazee walione kwa kushtukia. Kazi ya mshenga ni kuyabeba maneno ambayo mwoaji hawezi kuyasema mwenyewe.

Muuguzi wa Zamu

Nakubaliana na Mzee kuhusu mshenga. Naongeza mambo mawili ya upande wangu, na la kwanza ni onyo.

Kaka, usije ukajaribu kuiondoa kwa haraka kabla ya safari. Tumepokea vijana waliojipaka tindikali, waliojisugua kwa chumvi na jiwe hadi nyama ikaonekana, na mmoja aliyejichoma kwa kisu cha moto usiku wa kuamkia usaili. Wino wa tatuu hukaa katika tabaka la pili la ngozi. Chembe za kinga huumeza lakini haziwezi kuuyeyusha, ndiyo sababu haufutiki kwa kusugua tabaka la juu. Mionzi ya leza huuvunjavunja wino ili mwili uuondoe kidogokidogo, na huhitaji vipindi kadhaa vyenye wiki nyingi katikati. Wino mweusi ndio unaokubali zaidi, lakini ngozi nyeusi kama yetu inahitaji leza ya aina yake na mtaalamu anayeijua, la sivyo hubaki mabaka meupe au kovu nene lililovimba, ambalo litaonekana kuliko tatuu yenyewe.

La pili linahusu hofu za wazee, ambazo naona hazikutajwa zote. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata kizazi cha baba mkwe wako kilihubiriwa kila kona, kuanzia zahanati hadi shuleni, kisichangie nyembe na sindano, zikiwemo nyembe za kuchanjia chale kwa waganga. Mtu aliyekulia katika mafundisho hayo akiona tatuu huona sindano kwanza, na maandishi baadaye. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa virusi vya homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa urahisi mkubwa kupitia vifaa vyenye damu. Jiji la New York lilipiga marufuku uchoraji wa tatuu mwaka 1961 kwa sababu ya ugonjwa huohuo, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1997. Kama hujawahi kupima homa ya ini na VVU tangu uchorwe, pima sasa pamoja na mchumba wako. Makanisa mengi yatawataka mpime kabla ya ndoa kwa vyovyote vile, na mshenga akiweza kusema kwamba umepima, nusu ya maswali ambayo mzee hatayatamka itakuwa imejibiwa.

Binti Kondoa

Nimesoma yote, na kuna jambo linaniwasha.

Kwetu Waislamu suala hili halina mzunguko mrefu, kwa sababu ipo hadithi sahihi iliyopokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud inayowalaani wanaochora na wanaochorwa, na kwa msingi huo wanazuoni wengi wa Kisunni wameiharamisha tatuu ya kudumu. Hina haimo, kwa kuwa hutoka yenyewe, ndiyo maana bibi harusi wa Kondoa hupambwa mikono na miguu na kila mtu akashangilia. (Piko ni habari nyingine, Muuguzi angetusaidia kueleza malengelenge yanayowapata wanaopakwa ile ya dawa ya nywele.) Lakini wanazuoni haohao wanasema aliyekwisha kuchorwa, akatubu, na kuiondoa kukawa na madhara kwake, halazimiki kujidhuru, na udhu wake unatimia kwa sababu wino uko chini ya ngozi. Nayasema haya kwa sababu watu wengi mtaani huwa wakali kuliko sheria wanayodai kuitetea. Nimewahi kusikia mwanamke akiambiwa mbele ya watu asijisumbue kuswali.

Hapo ndipo penye kero yangu. Mzee ametupa maelezo mazuri kuhusu uamuzi wa peke yako, nami nayakubali. Je, mngekuwa wapole hivi kama aliyeuliza angekuwa binti? Kijana mwenye jina la mama yake mkononi ataitwa mtoto mwenye mapenzi kwa mzazi. Binti mwenye jina la baba yake mahali hapohapo ataulizwa alichorwa na nani, walikuwa wapi, na nani alilipa. Akiwa na ua dogo begani, watu hawataulizana tena, watakuwa wameshamweka katika kundi lao la baa na madanguro. Ninao wenzangu wa chuo waliomaliza masomo yao hapa Dodoma wakivaa sweta wakati wa joto, na hakuna mshenga anayetumwa kuwatetea.

Afisa Ajira Makole

Mimi nitakwenda kinyume na wote: kijana avae shati la mikono mirefu, asimtume mtu kusema lolote, na mzee aje aione baada ya kumzoea mkwewe.

Ninashughulika na waombaji kazi, na nimejifunza kwamba mtu huhukumiwa kwa kilichotangulia kuonekana. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi na ya Uhamiaji hutaja waziwazi kwamba mwombaji asiwe na michoro mwilini, na wapo vijana wenye sifa zote wanaoishia mlangoni kwa sababu ya nyota ndogo waliyochorwa kidato cha tatu. Katika ofisi za kiraia hali ni legevu zaidi. Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007, ambao wengi hudhani unahusu kila kitu, ni waraka wa mavazi. Pamoja na hayo, mjumbe wa jopo la usaili akiona tatuu, hata bila kifungu cha kumwongoza, alama zake hubadilika. Msinitajie Marekani, ambako utafiti wa kituo cha utafiti cha Pew wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya watu wazima wana tatuu. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba karibu robo ya wenye tatuu wanajutia angalau moja. Sisi tuko Dodoma, mji ambao una makatibu wakuu na wafugaji katika foleni moja ya benki, na adabu ya hapa ni kutomtwisha mwenyeji wako jambo ambalo hajaliuliza.

Mzee wa Kibakwe

Afisa, hoja yako inafaa kwa usaili, kwa sababu mwajiri humwona mtu dakika chache na akimkataa kila mtu anaendelea na njia yake. Ukweni hakuendi hivyo. Kijana huyu atanawishwa mikono kabla ya chakula. Huko kwetu maji yanamiminwa mgeni akiwa amekunja shati hadi karibu na kiwiko, na anayemimina mara nyingi ni shangazi au mdogo wa bibi harusi, mwenye macho makali kuliko jopo lako lote. Itaonekana kabla ya ugali kufika, na mzee atajua kwamba ilifichwa makusudi.

Binti Kondoa, umesema kweli na sina la kukujibu kwa upande wa wazee wenzangu. Nina mjukuu wa kike mwenye alama kifundoni, na nakiri kwamba nyumbani kwangu hilo lilizungumzwa kwa sauti tofauti na ambayo ingetumika kwa kaka yake.

Mgeni wa Nkuhungu

Nawashukuru nyote. Hilo la kunawa mikono sikuwa nimelifikiria hata kidogo, na limenimalizia ubishi na wajomba.

Nimezungumza na mshenga jana jioni. Amekubali kwenda Mpwapwa Jumamosi, siku kadhaa kabla yetu, na ameniomba karatasi ya majibu ya vipimo aitembee nayo, ambayo mimi na mwenzangu tutaifuata kesho asubuhi. Siku yenyewe nitavaa mikono mirefu kwa heshima ya nyumba, na wakati wa kunawa nitakunja kama mgeni yeyote. Jambo moja tu nimemkatalia mshenga: alitaka kumwambia mzee kwamba najuta. Nimemwomba aseme kwamba naomba radhi kwa wazee kwa kutowauliza, kwa sababu hilo ni kweli, na jina la mama aliache kama lilivyo. Amesema atatafuta namna ya kulisema.

Binti Kondoa, mchumba wangu amesoma ulichoandika na ameniagiza nikuulize kama unaweza kuanzisha mjadala wako mwenyewe kuhusu hao wenzako wa sweta, kwa kuwa naye ana la kuchangia.