Mrejesho: bodi ya zamani ya fyuzi nyumbani kwa mama, Buruburu
Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza iwapo shilingi 45,000 alizotaka fundi wa kwanza ni bei ya haki ya kubadilisha bodi ya fyuzi. Nilifuata ushauri wenu, nikatafuta fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kusimamia nishati Kenya), na nimelipa 31,000: bodi mpya yenye swichi ya kinga ya miliamperi 30, inayokata umeme unapovuja, ilikula 17,500, na zilizobaki zikaenda kwa ufundi na waya wa ardhi (wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), ambao fundi wa kwanza hakuutaja kabisa. Tulipoifungua ile ya zamani, kishikio kimoja kilikuwa kimefungwa waya mnene wa shaba mahali pa fyuzi, nacho kimeungua kikawa cheusi; nilishtuka sana, kwa maana mama hupikia kando ya ukuta wenye bodi hiyo.