Darasa moja, wanafunzi hawafanani kabisa: kozi ya mtandaoni niianzie wapi?

mwl_takwimu
Habari zenu wakuu. Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza chuo kikuu, darasa lina watu zaidi ya 200 na kozi yote iko Moodle, ule mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni. Shida ni kwamba hawa watu hawafanani hata kidogo, kuna anayetoka kazini usiku ndo anafungua notsi, kuna wanaotegemea simu tu laptopu hawana, yupo asiyeona, yupo mwenye usikivu hafifu, na wengi lugha ya kufundishia ni ya pili au ya tatu kwao kwahiyo nikienda haraka naachana nao njiani. Uongozi umetuambia turekodi lekcha tuweke, basi. Mimi naona kutupia video ya saa 2 pale sio kumsaidia mtu. Muda wa kufanya kila kitu sina ila sitaki mtu aache kozi kisa jinsi nilivyoipanga. Ungekuwa wewe ungeanza na nini?

nasikiliza_skrini
Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi nisiyeona, natumia NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Naomba sana uanze na PDF. Zile kurasa za kitabu zilizoskaniwa wewe unaona maandishi, kwangu ni picha tupu, yani wenzangu wanajadili sura nzima mimi bado natafuta mtu wa kunisomea. Jaribu hivi, fungua faili uchague neno moja kwa mausi, likikataa kushikika ujue hata mimi silisikii. Kama Word yake unayo weka hiyo hiyo, na vichwa vya habari tumia staili za vichwa zilizomo humo, sio kukoleza herufi tu, maana mi naruka kichwa hadi kichwa kwa kitufe, bila hivyo nasikiliza faili zima toka mwanzo kutafuta aya moja.

Fomula usibandike kama picha, iandike kwa LaTeX, ile namna ya kuandika hesabu kwa maandishi, humo humo Moodle, hapo inasomeka. Halafu grafu. Ukiniandikia "grafu ya alama" hujaniambia kitu. Niandikie "alama nyingi ziko kati ya 40 na 60, chache zimepita 80, mkia umevutika kulia". Hapo hata mimi naweza kubishana na wenzangu kama wastani unafaa au tutumie mediani, yani alama ya katikati.

fundi_elimumtandao
Huyo kamaliza kazi nusu 👏 Mi naongezea upande wa bando. Piga hesabu, video ya Mbps 1 kwa saa 1 ni kama MB 450, sauti peke yake ya kbps 32 ni kama MB 14. Kwahiyo katakata video vipande vifupi kwa mada, na kila kipande kiwe na sauti yake na maandishi yake pembeni, mtu achague. Aplikesheni ya Moodle ya simu inaruhusu kushusha vitu ukavisoma bila intaneti, wengi hawajui, waambie wiki ya kwanza kabisa.

Manukuu ya video, yale maandishi ya chini yanayojitengeneza yenyewe, usiyaamini hivi hivi, maneno ya fani ndo yanaharibika zaidi, pitia hayo kwanza. Ukirekebisha umemsaidia asiyesikia vizuri na umemsaidia pia yule wa lugha ya tatu, anasimamisha anasoma. Ila kiziwi anayetumia lugha ya alama manukuu peke yake hayamtoshi, huyo anahitaji mkalimani. Na kwenye kwizi, Moodle inakuruhusu kumwongezea muda mwanafunzi mmoja mmoja bila darasa zima kujua.

mhadhiri_mkongwe
Naheshimu michango yote lakini tuseme ukweli, darasa la 200, tukifika hadi kila mmoja kuchagua namna yake ya kujibu zoezi, nani atasahihisha? Mmoja kaandika, mwingine karekodi sauti, utawapimaje sawa? Naogopa tutashusha kiwango kwa jina la kusaidia.

fundi_elimumtandao
Mzee wangu hoja yako ni ya msingi. Ila kiwango kiko kwenye vigezo, sio kwenye karatasi. Kama unachopima ni uwezo wa kutafsiri matokeo ya takwimu, vigezo vinabaki vile vile awe kaandika au kaongea. Kama unapima uandishi basi waandike wote, hapo hakuna mjadala. Hata shirika la CAST la Marekani, hawa waliotengeneza mwongozo wa UDL, yani kupanga masomo yamfae kila mwanafunzi toka mwanzo, wanaanzia hapo: lengo liwe wazi, njia ndo zilegee. Na sio kila zoezi, chagua moja kwa muhula.

mwl_takwimu
Asanteni sana, nimepata pa kuanzia. Naanza na faili zilizoskaniwa na maelezo ya grafu, wiki 4 za mwanzo kwanza. @nasikiliza_skrini nilitaka nitume dodoso kuuliza nani ana ulemavu gani, unaonaje?

nasikiliza_skrini
Hapana mwalimu, wengi hawatajaza, wengine hawataki kujulikana kabisa. Uliza wote swali moja: ni kitu gani kwenye kozi kinakushinda kufungua, kusoma au kusikia? Majibu yaje bila jina, na anayetaka akufuate inboksi. Halafu slaidi ziweke kabla ya kipindi, nikishazisikiliza mapema darasani nafuata na wenzangu.