Ishara za kipanya, kipanya chenye kitufe cha dole gumba au Alt+Tab: kipi bora kwa kuhama kati ya programu?

Kalamu Nyekundu (mleta mada)
Wakuu, habari zenu. Nataka kubadilisha kipanya, hiki nilichonacho gurudumu limeshaanza kurukaruka. Sasa nimekwama. Rafiki mmoja ananishauri nichukue MX Master, kipanya cha Logitech, kwa ajili ya kile kitufe cha dole gumba: unakishikilia, unasogeza mkono kushoto au kulia, programu inabadilika. Mwingine anasema hiyo ni kutupa hela, nichukue kipanya chochote kisha nisakinishe programu ya ishara kama StrokesPlus. Unashikilia kitufe cha kulia, unachora umbo, dirisha unalolitaka linakuja mbele. Huwa nafungua madirisha mengi na nimechoka kuyatafuta. Nichukue kipi? Nawasilisha.

Fundi Bits
Mkuu umeleta nusu ya habari. Windows, Mac au Linux? Kompyuta ni yako au ya ofisi? Hayo "mengi" ni mangapi, na ni programu tofauti au ni mafaili kumi ya Excel? Bila hayo kila mtu atakutajia anachotumia yeye.

Tabo Mia
Alt+Tab ya kibodi: shikilia Alt, bonyeza Tab, dirisha linabadilika. Bure, ipo tayari, haisakinishwi. Uzi ufungwe.

Zamani Sana
@Tabo Mia usifunge uzi wa watu. Alt+Tab hupanga madirisha kwa kufuata lipi lilitumika mwisho, kwa hiyo mpangilio unabadilika kila unapohama. Kwa madirisha mawili hakuna cha kuifikia. Yakiwa manane unabonyeza huku macho yanawinda vijipicha, ukipitiliza unazunguka upya. Ishara haina foleni. Ukichora B inakuja barua pepe, iwe umetoka kuitumia sasa hivi au uliiacha asubuhi. Tofauti iko hapo, mengine ni ushabiki.

Mimi ishara nilizizoea kwenye kivinjari cha Opera, walizileta 2001. Shikilia kitufe cha kulia, zungusha gurudumu, vichupo vinapita kimoja kimoja. Leo Vivaldi bado inazo, na Firefox unaweka kiendelezi cha Gesturefy. Ila hizo zinaishia ndani ya kivinjari, hazitakutoa kwenye Word kukupeleka kwingine.

Mama Laptopu
Kabla hujanunua chochote: kama ni Windows, bandika programu zako kwenye ule mstari wa chini kwa mpangilio unaoutaka, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na namba. Ya kwanza kutoka kushoto ni 1, ya pili 2, mpaka 9. Namba haibadiliki hata ufungue nini. Ikiwa programu moja ina madirisha kadhaa, ongeza Ctrl, unapelekwa kwenye lile ulilolitumia mwisho. Watu wengi wanaosifia ishara hawajawahi kusikia hili.

Zamani Sana
Tumelisikia dada. Sasa bonyeza Windows na 8 kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye kipanya, halafu uje tuongee.

Mama Laptopu
Programu ya nane kaka yangu inatumika mara ngapi kwa siku? Zile unazozitumia sana zinakaa 1 hadi 4.

Kobe wa Kodi
Ngoja niwape yaliyonikuta, maana naona ishara zinasifiwa tu.

Tulikuwa tunajaza ripoti kwenye fomu ya mtandaoni, ndefu, isiyo na pa kuhifadhi katikati. Nilikuwa na programu ya ishara, jina silitaji, huenda walisharekebisha. Kushuka chini moja kwa moja kulinipeleka kwenye Excel, nikisoma takwimu narudi kwenye fomu. Chini kisha kulia, yaani umbo la L, ilikuja imeshapangwa na waliotengeneza programu: kufunga dirisha. Meza yangu wakati huo imejaa mafaili, kipanya kimebakiwa na nafasi ya kiganja. Nimefika ukurasa wa mwisho, nashusha mkono niende Excel, kiwiko kinagonga faili, mkono unateleza kulia kidogo tu. Ule mstari wa rangi unaofuata kishale ukachora L safi kuliko zote nilizowahi kuchora kwa makusudi. Kivinjari kikafunga. Nikakifungua, nikarudisha kichupo kwa Ctrl+Shift+T, ukurasa ukaja ule ule, visanduku vyote vitupu.

Na si hilo tu. Nilizoea kuburuta faili kwa kitufe cha kulia ili nikiliachia niulizwe nakili au hamisha. Ikafa kabisa, kila nikiburuta programu inadhani nachora. Niliiondoa siku hiyo hiyo.

Fundi Bits
Pole sana. Ndiyo maana kazi ya kwanza baada ya kusakinisha ni kufuta ishara zote zilizokuja nayo, hasa za kufunga, kisha uweke zako. Ya pili ni kuhamisha kitufe: ishara zikae kwenye kitufe cha kati au cha pembeni, cha kulia ukiache kifanye kazi yake. Ya tatu, kuna orodha ya programu za kupuuzwa. Mtu wa Blender au AutoCAD, programu za kuchora zinazotegemea vitufe vya kipanya, asipoitumia atavunja kibodi.

Na tuchague maumbo yasiyofanana. Chini, na chini-kulia, ni ndugu, lazima zichanganyane. Herufi kubwa zenye kona kama Z na N hazikosei sana.

Mkono wa Kushoto
Mnaongelea MX Master kama vile kila mtu anatumia mkono wa kulia. Kimechongwa kwa mkono mmoja tu kile, sisi wengine tumeachwa. Halafu ni kizito, kukiburuta mchana kutwa kifundo kinalalamika.

Kalamu Nyekundu
Samahanini, nilikuwa kazini. Ni Windows 11, kompyuta ya ofisi. Programu kama saba hivi, tofauti. Na kitu kimoja sikukisema: muda mwingi nakuwa ndani ya Remote Desktop, yaani naendesha kompyuta nyingine kwa mbali, skrini nzima, ndiyo maana Alt+Tab hainisaidii. Nikiibonyeza inabadilisha madirisha ya kule, si ya huku.

Fundi Bits
Aisee! Hilo ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza wa mada.

Mama Laptopu
Basi tatizo lako si kipanya kabisa. Kabla ya kuunganisha, fungua mipangilio ya Remote Desktop, sehemu ya rasilimali za kompyuta yako, tafuta pale panapohusu mikato ya kibodi ya Windows. Imewekwa ifanye kazi kule unapokuwa kwenye skrini nzima. Badilisha isomeke kwenye kompyuta hii. Alt+Tab inarudi kwako, na ukitaka kuhama kati ya programu za kule unatumia Alt na Page Up. Hujatoa hela, hujasakinisha kitu.

Zamani Sana
Sawa, lakini sasa ana mikato miwili ya kazi moja, na inabidi akumbuke yuko upande gani. Hapa ishara inashinda. Programu ya ishara ikiwa kwenye kompyuta aliyoishika, inakisoma kipanya kwanza kabla hakijafika kule. Achore umbo lililoagizwa kuleta dirisha fulani mbele, si lililoagizwa kubonyeza Alt+Tab, na dirisha la huku litakuja juu ya skrini ya kule. @Kalamu Nyekundu hizo saba ngapi ziko huku na ngapi kule?

Nyuzi Tisini
Mnazunguka mno. AutoHotkey, programu ya kujiandikia mikato yako, mistari mitatu:

MButton::AltTabMenu
WheelDown::AltTab
WheelUp::ShiftAltTab

Bofya gurudumu, orodha inafunguka. Zungusha kuchagua, bofya tena. Kipanya chochote kinatosha.

Tabo Mia
Kumbe wote mnarudi kwenye Alt+Tab yangu.

Kobe wa Kodi
@Nyuzi Tisini gurudumu lake linarukaruka, amesema mwanzo kabisa. Atachagua dirisha la jirani kila siku.

Nyuzi Tisini
Si ananunua kipya? Ila kwa wanaochukua skripti mitandaoni: tangu toleo la 2 la AutoHotkey litoke mwishoni mwa 2022, skripti nyingi za zamani zinagoma. Ukiona kosa kwenye mstari wa kwanza usilaumu kompyuta, angalia toleo.

Pengwini
Sisi wa Linux tulikuwa na Easystroke, programu ya ishara, ilikuwa tamu kuliko zote hizo. Ilitegemea X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha. Wayland, uliokuja kuchukua nafasi yake, hairuhusu programu moja kuchungulia kipanya cha programu nyingine, na kiusalama wana hoja, lakini ishara zetu zilikufia hapo. Nimebaki na kona ya juu kushoto ya GNOME, eneokazi ninalotumia: unatupa kishale pale, madirisha yote yanajitandaza.

Fundi Bits
Windows nayo ina ukuta wa aina hiyo. Dirisha lililofunguliwa kwa haki za msimamizi halisikii ishara za programu isiyo na haki hizo, ni hivyo tangu Windows Vista. Unachora mpaka unachoka, hakuna kitu.

Kalamu Nyekundu
Nimejaribu ile ya Mama Laptopu, Alt+Tab imerudi huku kweli, ahsante dada. Ila Alt na Page Up kwenye laptopu yangu inataka nishikilie na Fn, vidole vinapishana. Watu wa TEHAMA wamenijibu: programu za ishara na AutoHotkey hawaruhusu. MX Master wanasema nikijinunulia sawa.

Mama Laptopu
Waulize tena vizuri. Ile mielekeo ya kitufe cha dole gumba inapangwa ndani ya Logi Options+, nayo ni programu. Wasipoiruhusu unakuwa umenunua kipanya kizuri tu.

Zamani Sana
Bado hujajibu ngapi ziko huku na ngapi kule.

Mkono wa Kushoto
Kwa kuwa mko humu, kuna anayejua kipanya cha mkono wa kushoto chenye kitufe kama kile?

Pengwini
Logitech Lift ina toleo la kushoto, imesimama wima, nafuu kwa kifundo. Lakini kile kitufe cha ishara cha MX Master haina, ni vitufe viwili vya pembeni vya mbele na nyuma.

Mkono wa Kushoto
Viwili vinatosha, kimoja nitakipa Alt+Tab.

Tabo Mia
😂