Grande Hotel ya Beira: ibomolewe au itengenezwe? Na walio ndani waende wapi?

Boriti (mwanzisha mada)

Wadau, kila ikitajwa hoteli hii mazungumzo huishia kwenye picha za miti iliyoota juu ya paa. Naomba leo tujadili jengo lenyewe.

Kwa asiyelijua: liko Ponta Gêa, mjini Beira, Msumbiji. Lilijengwa na Companhia de Moçambique, kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1891 ikatawala Manica na Sofala hadi 1942, kisha ikabaki na biashara zake. Michoro ya mwanzo ni ya José Porto, na Francisco de Castro akaendeleza kazi. Hoteli ikafunguliwa katikati ya miaka ya 1950: vyumba zaidi ya 100, kumbi, na bwawa la kuogelea la kipimo cha Olimpiki. Mwaka 1963 ikafungwa kama hoteli, na faida haikuwahi kuonekana. Bwawa na kumbi vikaendelea kutumika kwa muda. Baada ya uhuru wa 1975 jengo likawa mikononi mwa dola, chini kukawekwa askari na mahabusu, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe wakaingia watu waliokimbia vijijini. Leo wanaishi humo zaidi ya watu 1,000, na makadirio mengine yanavuka 3,000. Mbao za sakafu, marumaru, masinki, nyaya, fremu za madirisha: kilichong'oleka kiliuzwa au kikawa kuni.

Msimamo wangu ni kwamba libomolewe, lakini siku ambayo nyumba mbadala zimeshasimama, si kabla. Nasema hivyo kwa sababu ya zege. Nondo ndani ya zege hulindwa na ukali wa saruji (ualkali wake). Hewa ikipenya miaka nenda rudi, ukali ule unaisha kuanzia nje kwenda ndani. Chumvi ya bahari ikifika kwenye nondo, kutu huanza hata kama zege bado lina ukali wake. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo hulipasua zege kutokea ndani. Majengo ya miaka ile mara nyingi yalifunika nondo kwa sm 2 hadi 2.5 tu. Miaka 70 kando ya bahari, nusu karne bila rangi, bila plasta ya maana, bila paa linalozuia maji, mnategemea nini?

Kaskazi

Boriti, hesabu yako ni nzuri lakini jengo limekukatalia. Kimbunga Idai kilipiga Beira usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019, upepo ukapita km 160 kwa saa, na sehemu kubwa ya mji ikabaki bila mabati. Fremu ya hoteli ilisimama. Januari 2021 kikaja kimbunga Eloise, na bado imesimama. Nyumba ngapi za juzi pale Beira zinaweza kusema hivyo? Ukibomoa unatupa kitu ambacho mji ule hautakuwa na fedha za kukijenga tena.

Boriti

Hoja ya kimbunga huwa inanichekesha kidogo, samahani mkuu. Jengo lisilo na madirisha upepo hulipita katikati kama unavyopita kwenye wavu. Nguvu ya upepo inategemea ukubwa wa uso unaoukinga, na pale nyuso nyingi ni matundu. Tia vioo na milango kesho, kama kila mkarabati anavyopanga, ndipo fremu ileile itakapobeba upepo ambao Idai haikuibebesha.

Tena upepo husukuma kwa ubavu. Kinachoua mtu ndani ya jengo kama hili kinatoka juu kwenda chini: kipande cha dari, au roshani. Anza na roshani, kwa sababu zinaning'inia, zimeshikwa upande mmoja tu. Sakafu ya kawaida iliyoshikwa pande mbili nondo zake kuu ziko chini, kwa hiyo ikichoka unaona nyufa na madoa ya kutu darini, unapata onyo. Roshani nondo zake kuu ziko juu, palepale maji ya mvua yanapotuama baada ya vigae kung'olewa. Zinaliwa usipoona, na zikikatika hakuna onyo. Inadondoka yote.

Makuti

Kabla hamjazama kwenye nondo, kuna mambo mawili ya historia.

La kwanza, wengi hurudia kwamba hoteli iliuawa na kunyimwa kibali cha kasino. Hilo halitoshi. Tazameni ni nani waliokuwa wakija Beira: familia za walowezi wa Rhodesia (leo Zimbabwe), kwa treni au gari kupitia Umtali (leo Mutare), wanatafuta pwani ya bei nafuu na watoto wao. Walitaka kambi na vibanda vya ufukwe wa Macuti, si ukumbi wa dansi. Na bahari yenyewe si ya kuuzwa kwa tajiri: mito ya Pungwe na Buzi inamwaga matope pale pale, na bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 6, kwa hiyo yakitoka unabaki unatazama tope. Hoteli kubwa gharama zake hazipungui wageni wakipungua. Jiko, lifti, dobi, bwawa, wahudumu, vyote vinalipwa vyumba 20 vikiwa na watu au 100. Kasino ingeweza kuficha pengo hilo, lakini pengo lilikuwapo tangu kwenye mchoro. Anayesema leo "ikarabatiwe iwe hoteli tena" anajibu swali lililokwisha kujibiwa 1963.

La pili, nimeona mahali pengine watu hawa wakiitwa wavamizi. Waliingia jengo tupu, nchi iko vitani, na wengine wao wamezeekea humo. Kuna uongozi wa wakazi, kuna vibanda vya biashara mlangoni, vyumba vinapangishwa na kurithiwa. Ukimwita mvamizi umeshaamua hatalipwa kitu.

Nondo16

Hapa kila mtu anasema zege "limechoka" au "bado lina nguvu" bila kipimo. Vipimo havina gharama ya kutisha, na mpangilio wake ni huu.

Kwanza unagonga. Nyundo ndogo, kila nguzo, kila boriti, kila dari. Zege zima hulia, lililoachana na nondo hutoa sauti ya debe. Unachora kwa chaki. Watu wanne wazoefu wanamaliza jengo la ukubwa huo kwa wiki chache.

Pili unabandua vipande vichache na kunyunyiza fenoftalini. Palipo na ukali wa saruji hugeuka waridi, palipokufa hapabadiliki rangi. Ukiona mstari wa waridi uko nyuma ya nondo, ulinzi wa kemia umekwisha hapo.

Tatu, na hapa ndipo wengi huruka: chumvi. Fenoftalini haikwambii lolote kuhusu chumvi. Unatoboa, unakusanya vumbi la kila sm 1 kwenda ndani, la kwanza kando, la pili kando, hadi upite nondo, unapeleka maabara. Kloridi (ndiyo sehemu ya chumvi inayochochea kutu) ikikaribia asilimia 0.4 ya uzito wa saruji kwenye kina cha nondo, hesabu kwamba kutu imeanza au iko mlangoni.

Nne, vipande vya silinda vya kipenyo cha sm 10 kwa ajili ya kupima nguvu. Usivitoe kwenye nguzo zenye mzigo mkubwa bila mhandisi kukubali, maana nimesoma ripoti za watu waliodhoofisha nguzo kwa kuipima.

Baada ya hapo jibu mara chache huwa moja kwa jengo zima. Nguzo za ndani za ghorofa za chini, zisizopigwa na mvua, zinaweza kuwa salama kabisa. Upande wa bahari na ghorofa ya juu ni habari nyingine. "Kubomoa au kutengeneza" huenda likawa swali la kila ubavu wa jengo.

Kaskazi

Nondo16, hiyo ndiyo hasa hoja ninayoitaka. Basi sehemu mbovu ikatwe, ibanduliwe, izibwe, maisha yaendelee. Ukarabati wa viraka upo duniani kote.

Nondo16

Upo, na ndivyo unavyoharibiwa duniani kote. Fundi anachimba mpaka aone nondo, anaipiga brashi upande wa mbele, anasiliba saruji. Miaka mitatu baadaye kiraka kizima, lakini zege la pembeni yake linapasuka. Sababu: sehemu iliyokuwa inaliwa ilikuwa inawalinda majirani zake bila kukusudia. Ukiitibu, ulaji unahamia kando ya kiraka ambako chumvi bado imo.

Kazi sahihi ni kuchimba hadi sm 2 nyuma ya nondo ili mkono wa brashi uzunguke, kusafisha kwa mchanga wa presha hadi chuma king'ae, na kama nondo imepoteza zaidi ya robo ya eneo la mkato wake kufungia mpya pembeni, ikipishana na nzima kwa urefu wa mara 40 ya kipenyo chake. Nondo ya mm 16 hiyo ni sm 64 kila upande, kwa hiyo shimo lako linakuwa refu kuliko ulivyopanga. Kisha anodi za zinki kwenye kingo za kiraka, ziliwe zenyewe badala ya nondo. Na yote haya sakafu ikiwa imeshikiliwa kwa mirunda (nguzo za muda), hakuna mtu juu wala chini. Huwezi kufanya hivyo na familia ndani. Kuhama ni lazima hata kwa anayetaka kutengeneza.

Tumbatu

Niwaletee mfano wa nyumbani. Beit al-Ajaib, Zanzibar, ya 1883. Sehemu yake ilianguka 2012, ikaachwa hivyo miaka, fedha za Oman zikapatikana, kazi ikaanza, na tarehe 25 Desemba 2020 upande mkubwa ukaporomoka mafundi wakiwa kazini. Wawili wakafa. Kukarabati kwa kuchelewa kunaweza kuua watu ambao kuacha kusingewaua.

Boriti

Tumbatu, mfano unauma lakini vifaa ni tofauti. Ile ni mawe ya matumbawe na chokaa, na nguzo za chuma nje. Inaanguka kwa namna yake. Mfano wa zege ni hoteli ya Kilimanjaro ya Dar es Salaam: ilifunguliwa 1965, ikakarabatiwa kwa kina, ikafunguliwa tena 2005. Tofauti yake na Beira ni kwamba paa na madirisha havikuondoka. Zege lisilonyeshewa lina subira sana.

Kota

Mnazungumzia mirunda, mimi nizungumzie anakolala mtu. Mfano wa kuhamisha tunao: Magomeni Kota, Dar es Salaam. Kaya 644 zilitolewa kupisha ujenzi mwanzoni mwa muongo wa 2010, eneo likakaa tupu miaka, na maghorofa yakazinduliwa 2022. Mwaka 2016 ilibidi ahadi itolewe upya, warudi na wakae miaka mitano bila kodi. Walirudi, lakini miaka kumi ni utoto mzima wa mtu.

Kilichowarudisha ni orodha. Majina ya kaya yalijulikana kabla ya kuondoka. Beira ianzie hapo: kuhesabu chumba kwa chumba, siku moja, usiku, kwa sababu mchana wengi wako sokoni, kila kaya ipewe karatasi yenye namba ya chumba, mpangaji na "mwenye chumba" waandikwe wote wawili. Ukiandika mwenye chumba peke yake, mpangaji analala nje. Ukiandika mpangaji peke yake, mwenye chumba atamfukuza wiki moja kabla ya sensa.

Na umbali. Mtu anayeuza mboga au samaki karibu na hapo ukimpeleka kilomita 15, nauli itakula faida, ataiuza nyumba mpya na kurudi kwenye jengo bovu jingine.

Makuti

Kota umegusa penyewe. Ila niongeze kwamba Beira iko chini, sehemu zake ziko usawa wa bahari, kwa hiyo kiwanja kikavu na cha karibu ni adimu. Ndiyo maana kila meya hulikwepa suala hili, na hata Daviz Simango aliyekuwa mhandisi wa ujenzi kwa taaluma, aliyeuongoza mji tangu 2003 hadi kifo chake 2021, aliondoka watu wakiwa bado humo.

Kaskazi

Basi nasogea hatua moja. Kama nyumba mbadala ni miaka 10, tusibishane kuhusu mwaka wa kumi. Mvua zijazo zifanyike nini kwa fedha kidogo?

Nondo16

Swali zuri kuliko mada. Kwa mpangilio wa kinachoua mapema:

Roshani zote zifungwe leo. Si kwa kamba, kwa ukuta mwepesi wa mbao mlangoni. Zilizo juu ya njia ya watu zibanduliwe vipande vilivyolegea.

Mirunda isimamishwe chini ya maboriti yaliyopasuka, na ishuke ghorofa kwa ghorofa kwenye mstari mmoja hadi ardhini. Ukiiweka ghorofa ya tatu tu umehamishia mzigo kwenye sakafu ya pili.

Kuta za tofali walizojenga wakazi kugawa vyumba zitolewe, wapewe mbao. Sakafu ya chumba cha hoteli husanifiwa kubeba takriban kg 200 kwa mita ya mraba. Ukuta wa tofali la saruji la sm 15, wenye kimo cha mita 2.5, ni kg 750 kwa kila mita ya urefu. Pipa la maji la lita 200 nalo likae kando ya nguzo, si katikati ya chumba.

Kingo za ngazi na mashimo ya lifti zizibwe, baada ya kutoa taka.

Miti ya paani ikatwe kwenye shina na kisiki kipakwe dawa. Isivutwe. Mzizi ulioingia kwenye ufa ukiuvuta unafungua ufa. Kisha mifereji ya paa izibuliwe, maji yapate pa kwenda.

Boriti

Nakubali yote, na bado nasema libomolewe baadaye. Kifusi chake kina kazi: sakafu ya sm 20 hutoa kg 480 kwa mita ya mraba, yaani kila mita za mraba 1,000 ni lori 48 za tani 10, bila nguzo wala kuta. Mji ulio chini hivyo unahitaji kujaza viwanja. Zege lenye chumvi halifai kujengea, kwa kujazia halina shida, ila nondo zitolewe kwanza.

Kota

Na hizo nondo auze nani? Maana wakazi wamekuwa wakiuza jengo hilo kipande kwa kipande ili wale, wakaitwa waharibifu. Mkandarasi akiuza lililobaki itaitwa mapato ya mradi. Liandikwe kwenye mkataba mapema kwamba fedha ya chuma chakavu inaingia kwenye nyumba zao.